Maswali ya wasomaji: Mbona juu kuna baridi na jua liko huko huko?

SWALI: Assalaam aleikum mwalimu. Mie nipo Wete, nasoma kidato cha pili. Skuli tumefundishwa hewa ina matabaka, mwenzangu anasema tabaka la chini ndo la oksijeni na juu kumejaa gesi nyengine, ndo maana wanaopanda Kilimanjaro wanakosa pumzi. Kweli? Na mbona huko juu baridi wakati ndo karibu na jua?

JIBU: Wa aleikum salaam mwanangu. Mwenzako kakosea ila usimcheke, watu wazima wengi wanaamini hivo hivo. Matabaka hayakupangwa kwa gesi, yamepangwa kwa joto. Unapanda joto linapungua, unafika pahala linageuka linaanza kuongezeka, pale panapogeuka ndo mwisho wa tabaka moja na mwanzo wa jengine. Ama gesi kubwa kubwa zimechanganyika vile vile toka pwani ya Wete mpaka kama kilomita 100 juu: naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, agoni haifiki hata moja, na kaboni dayoksaidi ambayo kila siku inatajwa redioni ni kama 0.04 tu. Hewa inakorogwa muda wote, hazipati nafasi ya kujitenga. Kupita hapo ndo gesi nyepesi zinaanza kukaa juu ya nzito, na hapo mtu hapumui tena.

Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, oksijeni bado ni ile ile 21 kwa mia. Kilichopungua ni hewa yenyewe, imebaki kama nusu ya huku chini, kwa vile uzito wa hewa ilioko juu ndo unaoibana ya chini na kule juu hakuna wa kuibana sana. Unavuta pumzi moja unapata nusu.

Sasa baridi. Jua liko mbali kilomita milioni 150, ukipanda 6 hujalikaribia kitu. Mwanga wake mwingi unaipita hewa tu unakuja kupiga ardhi na bahari, alafu ardhi na bahari ndo zinapasha hewa kwa chini, kama chungu na moto wa kuni. Na hewa ikipanda inatanuka, ikitanuka inapoa. Kwa wastani kila kilomita joto linashuka digrii 6 na nusu hivi, na hili tabaka la chini, troposfia, kwetu huku karibu na ikweta linafika kilomita 16 au 17, kwenye ncha za dunia ni 8 au 9 tu. Kwaio mwisho wa troposfia juu ya Pemba yetu ya joto hili ni kama digrii 80 chini ya sifuri, baridi kuliko mwisho wake kule kwenye barafu! Mie hii ndo inayonifurahisha kuliko zote.

Na mpaka wenyewe unauona kwa macho. Msimu wa masika likija wingu kubwa la radi liangalie kwa mbali, linapanda linapanda alafu kichwa kinabapa kinatandaa pembeni. Pale limegota. Juu yake ni stratosfia, na huko joto linaongezeka kwa sababu ozoni inakula miale mikali ya jua, basi hewa ya wingu haina wepesi tena wa kuendelea kupanda. Stratosfia inakwenda mpaka kilomita 50, inafata mesosfia ambako vimondo vingi vinaungulia, na kuanzia 85 hivi ni themosfia, ndo kile kituo cha anga za juu kinazunguka kwenye 400.

SWALI: Miezi ya kaskazi jasho halikauki, watu wanasema hewa imekuwa nzito. Ni nzito kweli? Msomaji, Jang'ombe.

JIBU: Ukiipima, ni nyepesi dada yangu! Molekuli ya maji uzito wake 18, ya naitrojeni 28, ya oksijeni 32, na mvuke ukiingia unachukua nafasi ya hao wazito. Jasho halikauki kwa sababu hewa ishajaa mvuke, huku kwetu unaweza kukaribia asilimia 4. Kaa karibu na feni tu.

SWALI: Babu yangu usiku anapata stesheni za mbali kwenye redio yake ya zamani, mchana hazipatikani. Kwa nini?

JIBU: Jua linapiga hewa ya juu linaitia umeme. Sehemu yake ya chini, kilomita 60 mpaka 90, mchana inameza mawimbi ya redio za masafa ya kati. Jua likizama inafifia, mawimbi yanapita yanakwenda kugonga sehemu ya juu zaidi ambayo inabaki usiku kucha, yanarudi chini mbali sana na yalikotoka. Redio za FM hazimo kwenye hesabu hio, kwa kawaida mawimbi yake yanapenya yanakwenda zao, iwe mchana iwe usiku.