Maswali na majibu: Fangasi, asali na sukari zenye majina mapya

Barua za safari hii zinanukia asali. Wasomaji wamehama kutoka sukari kwenda asali, fangasi wao hawakuhama. Jambo hili nimekwisha kuliandika zaidi ya mara moja, naona niliandika juu ya maji. Haya, tuanze upya.

Fangasi ukeni wananirudia kila baada ya muda mfupi. Nimeacha sukari kabisa, mwezi wa nne huu, natumia asali mbichi tu. Mbona sioni nafuu?

Kwa sababu hujaacha sukari, dada yangu. Asali karibu asilimia 80 ni sukari, yaani glukosi na fruktosi, na kinachobaki kwa sehemu kubwa ni maji. Ubichi wake haupunguzi hesabu hiyo hata kidogo. Na kabla hujakimbilia kwingine: sharubati ya agave imejaa fruktosi, sukari ya nazi kwa sehemu kubwa ni sukrosi ileile ya mezani, na sukari ya kahawia ni nyeupe iliyobakiziwa au kurudishiwa molasi kidogo.

Lakini hata ungeitupa hiyo asali leo, nisingekuahidi kitu. Sukari unayokula haiteremki moja kwa moja kutoka kikombeni hadi ukeni. Husagwa, huingia kwenye damu, na mwili wenye afya huirudisha katika kiwango chake ndani ya muda mfupi. Kandida, ambaye ndiye fangasi tunayemzungumzia, huishi mdomoni, tumboni na ukeni mwa watu wengi wazima wa afya bila kumsumbua mtu. Anayemfungulia mlango ni antibiotiki inayoua bakteria walinzi, au ujauzito, au dawa za steroidi, zile za kutuliza uvimbe, au kinga iliyoshuka, au kisukari kisichodhibitiwa. Hapo ndipo sukari inapoingia katika kesi hii: ile iliyokaa juu kwenye damu kwa muda mrefu, si ile ya kijiko kimoja cha chai.

Kwa hiyo fanya mambo mawili ambayo hukuniuliza. Kapime sukari ya damu. Halafu chukuliwa kipimo cha ute, ili ijulikane kama ni kandida kweli na ni wa aina gani, kwa kuwa wapo wasiosikia dawa za kawaida. Wanawake wengi wanaojinunulia dawa ya fangasi wana kitu kingine kabisa, bakteria waliovuruga uke au kimelea kiitwacho trikomonasi, na dawa ya fangasi haiwagusi hao. Ikithibitika kuwa ni kandida na amekushambulia mara tatu au zaidi ndani ya mwaka, iko tiba ya muda mrefu, kidonge cha fangasi kiitwacho flukonazoli mara moja kwa wiki kwa miezi sita, na hiyo huandikiwa na daktari. Mjamzito asiiguse. Yeye atatibiwa kwa dawa ya kupaka au ya kuweka ukeni.

Hamira ya mkate inalisha fangasi? Niache mkate?

Hamira ya mkate si kandida, na joto la tanuri limeshaiua. Kula mkate wako.

Nina miaka 58. Daktari alinibadilishia dawa ya kisukari, wiki ya tatu nikaanza kuwashwa na kuwa mwekundu kwenye uume. Mke wangu anauliza nimetoka wapi.

Mwambie umetoka duka la dawa. Hukutaja jina la dawa, na kosa hili mnanirudishia kila toleo: mnauliza habari za dawa isiyo na jina. Chukua boksi usome. Kama jina linaishia na gliflozin, kwa mfano dapagliflozin au empagliflozin, basi umeshapata jibu. Kundi hili la dawa huzuia figo kuirudisha glukosi kwenye damu, ikatoka na mkojo. Damu inapata nafuu, lakini mkojo unakuwa mtamu, na fangasi wa sehemu za siri wanakaribishwa kwenye karamu. Hutokea kwa wanawake, na kwa wanaume pia, hasa ambao hawakutahiriwa.

Katika barua zote hizi, yako ndiyo ambayo sukari ina hatia ya wazi, na bado si ya kwenye sahani. Usiiache dawa kwa uamuzi wako, maana inalinda pia moyo na figo. Mweleze daktari, osha na kukausha vizuri, atakupa krimu ya fangasi. Usijimezee flukonazoli bila kutaja dawa zako nyingine: huzidisha nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na ya baadhi ya vidonge vya kisukari, ukaishia na damu isiyoganda au sukari iliyoporomoka. Ukipata maumivu makali au uvimbe kati ya korodani na njia ya haja kubwa, pamoja na homa, usingoje asubuhi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kati ya vitamu vya kuwekwa badala ya sukari, yaani stevia, zailitoli na erithritoli, kipi hakimlishi kandida?

Ukitaka jibu la swali lako tu: zote tatu hazimnufaishi kama glukosi inavyomnufaisha. Sasa soma na mengine.

Stevia yenyewe haina sukari, ila unga unaouzwa kwa jina hilo mara nyingi umeongezewa dekstrozi au maltodekstrini, unga wa wanga, ili ujaze kijiko. Dekstrozi ni glukosi iliyobadilishwa jina. Geuza pakiti, soma maandishi madogo ya nyuma, makubwa ya mbele yaachie waliolipwa kuyaandika. Erithritoli hufyonzwa karibu yote kwenye utumbo mwembamba na kutoka na mkojo ilivyo, ndiyo maana haivurugi sana tumbo. Mwaka 2023 ulitoka utafiti uliohusisha kiwango chake kikubwa kwenye damu na mshtuko wa moyo na kiharusi. Uhusiano si ushahidi wa kisababishi, lakini mimi nisingeimwaga kwa kikombe. Zailitoli ni rafiki wa meno, ina kalori kama 2.4 kwa gramu dhidi ya 4 za sukari, na ukizidisha utakaa chooni. Mwenye mbwa aifungie kabatini, kwani kiasi kidogo tu kinaweza kumwua.

Na hapa nina ugomvi wangu wa zamani. Mtu anaacha sukari, anajaza peremende na biskuti zenye sorbitoli na maltitoli, vitamu vya jamii ya zailitoli, tumbo linajaa gesi na kuharisha, kisha ananiandikia kwamba fangasi wa tumboni wamezidi. Ndugu, hiyo ni peremende.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 kwamba vitamu visivyo sukari, stevia ikiwemo, visitumike kama njia ya kudhibiti uzito. Ushauri huo hauwahusu ambao tayari wana kisukari. Kwangu mimi bora ulimi uzoee utamu mdogo kuliko kuutafutia utamu wa bandia kila mwezi.

Nilitema mate kwenye glasi ya maji asubuhi ili kupima kandida, yakashusha nyuzinyuzi. Nimeanza mpango wa siku 30 wa kuondoa kandida, siku ya tatu kichwa kinapasuka. Aliyeniuzia anasema ni fangasi wanakufa.

Mate hushuka. Hicho si kipimo cha kitu chochote.

Kichwa kinauma kwa sababu umekata wanga ghafla, na nadhani kahawa pia. Hadithi ya kwamba kandida tumboni ndiye chanzo cha uchovu, usahaulifu na huzuni ilishika kasi Marekani miaka ya 1980. Mwaka 1990 madaktari wakaipima kwa wanawake 42: nistatini, dawa ya fangasi, dhidi ya dawa bandia. Kwa dalili za ukeni nistatini ilisaidia. Kwa uchovu na mengineyo haikuishinda dawa bandia. Uchovu usioisha unahitaji kupimwa damu, tezi ya shingo (thairoidi) na usingizi, si chupa ya vidonge vya kusafisha. Ukiweza kurudishiwa pesa zako, rudishiwa.

Mwanangu ana miezi mitano, ulimi una utando mweupe. Nimpake asali?

Hapana, hapana. Mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali hata ya kupaka: inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambao humlegeza mtoto misuli hadi ile ya kupumua. Mpeleke kliniki apewe matone ya nistatini, na kama unanyonyesha chuchu zako zikaguliwe siku hiyohiyo, la sivyo mtaambukizana kwa zamu.

Nina pumu, natumia dawa ya kuvuta yenye steroidi. Mdomoni pana utando mweupe. Nimeacha matunda yote.

Rudia matunda, aliyemfungulia kandida mlango ni hiyo steroidi. Sukutua na kutema maji kila umalizapo kuvuta dawa. Utando ukibaki, uonwe na daktari. Ninyi wengine wenye utando kama huo bila dawa ya kuvuta, bila meno ya bandia, bila antibiotiki za karibuni: kapimeni VVU. Na ukimeza chakula ukasikia maumivu kifuani, nenda leo.

Asali ya nyuki wadogo je?

Soma jibu la kwanza.