Watafiti wanataka ushirikiano, tukubali?

SWALI: Habari mhariri. Mimi ni katibu wa BMU moja, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, hapa Kwale. Watu wa chuo huja wanapima samaki wetu, wanatuuliza maswali mpaka jua la utosi, tunasaini fomu ya posho halafu ndio basi, hatuwaoni tena. Sasa wamekuja wengine wanasema wanataka ushirikiano, wazee wamegawanyika. Tufanyeje?

JIBU: Bwana katibu, wazee wanaokataa wana haki ya kuchoka, mtu akishachukua maneno yako akapotea nayo utamwamini vipi tena. Lakini kabla hamjawafukuza waulizeni kitu kimoja: swali la utafiti limeshaandikwa au bado? Kama limeshaandikwa na bajeti imeshagawanywa, basi nyinyi mnaitwa kubeba mizani tu. Kama bado, kaeni nao hapo bandarini muwaambie kinachowauma.

Mfano uko hapo hapo pwani ya Kenya. Watafiti walijaribu madema, ile mitego ya kusuka, yenye mwanya mwembamba wa wima, vichanga vya samaki na samaki wembamba wasio na bei wanapenya wanatoka, wakubwa wanabaki. Matokeo yakachapishwa 2013: vichanga vinavyonaswa vilipungua, samaki wanaonaswa wakawa wakubwa zaidi na kipato kikapanda. Safi sana. Ila sasa mfikirie mama karanga, yule anayenunua vile vidogo vya bei ya chini akavikaanga jioni pale barabarani, samaki wakikimbilia kwenye mwanya yeye anakaanga nini? Kwenye daftari la mtafiti kile kichanga ni hasara, kwa yeye ni ada ya shule, na asipokaa kwenye mkutano wa kwanza kabisa hakuna atakayemuuliza, halafu baadaye mnashangaa kwa nini mpango umekwama. Kwa hiyo mkiambiwa wadau, msipeleke wenye vyombo peke yao.

Leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayotoa vibali vya utafiti, waombeni waonyeshe, hiyo sio ukorofi, ni sheria. Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili, yaseme data inakaa kwa nani na BMU inabaki na nakala gani, na vijana wenu wafundishwe kupima wenyewe na walipwe. Mikutano nayo ifuate maji, mtu hawezi kuacha dema lake kwa sababu ofisi ya mjini inafungua saa mbili. Kusi likichafuka ndio watu wanapatikana.

Na wao pia muwasikilize. Mwanafunzi ana muda wa chuo unaomkimbiza, mwalimu wake anadaiwa ripoti na mfadhili, hayo wayaseme wazi mapema ili msije mkalaumiana. Mkutano wa kuleta majibu muuwekee mwezi kabisa sasa hivi, na nauli yao ya kurudi iingie kwenye bajeti tangu mwanzo, maana wengi hawana roho mbaya, ni vile pesa ya kurudi kijijini haikuwekwa na mradi ukaisha.