Nimelipa yote, msimbo chanzo ni wa nani?

Nina duka la dawa Nakuru. Kijana alinitengenezea mfumo wa stoo na mauzo, nikammalizia pesa zake. Sasa nikimwomba msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu ambayo mtengenezaji huyasoma na kuyarekebisha, anasema ni mali yake. Ni kweli?

Kwa Kenya, ana kazi ya kulithibitisha hilo. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kazi ikiagizwa, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo anza kwa kutafuta mlichokubaliana. Najua hakuna mkataba. Kuna ankara na ujumbe wa WhatsApp. Visome vyote. Ankara ikisema "leseni ya mwaka mmoja", hali yako inabadilika.

Halafu muulize: nani mwingine anautumia mfumo huu? Ikiwa maduka mengine yana mfumo huohuo na tofauti ni jina na nembo tu, basi ulichoagiza ni yale marekebisho. Mfumo wenyewe alikuwa nao kabla hamjajuana, na huo hukuununua.

Hata ukishinda hoja ya hakimiliki, mafaili bado yako kwake. Programu iliyowekwa kwenye kompyuta ya kaunta mara nyingi haina msimbo unaosomeka, kwa hiyo mwandikie barua rasmi ya kuudai, na umtajie tarehe ya mwisho.

Niko Kampala. Huku ni tofauti?

La. Sheria ya Uganda ya 2006 nayo inampa hakimiliki aliyeagiza kazi, pasipo mkataba unaosema vingine.

Nipo Dar, mteja wangu yuko California. Amelipa arbuni, anatumia programu, salio halitoki. Hatukuandikiana chochote. Naweza kumzimia?

Usizime. Hakimiliki huenda ni yako: Sheria ya Tanzania ya 1999 inaanza na mtunzi kama mmiliki wa kwanza, na Marekani, tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1989 katika kesi ya mchongaji sanamu James Earl Reid, mtu wa kujitegemea hahesabiwi mwajiriwa kwa sababu tu ameagizwa kazi. Huko kuhamisha hakimiliki kunataka maandishi yenye saini.

Ila kuna upande wa pili, na watengenezaji wengi hawaupendi. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua dhidi ya mtengenezaji aitwaye Gagnon, aliyetaka kumzuia mteja wake asiendelee kutumia programu alizomwandikia. Mahakama ikaona kwamba mtu aliyetengeneza kwa maagizo ya mteja, akakabidhi na akalipwa, amempa mteja ruhusa ya kutumia na hata kurekebisha, ingawa haikuandikwa popote. Wewe hujamaliziwa malipo, hivyo hoja yako ina nguvu kuliko ya Gagnon; lakini ukimzimia programu ghafla, kesi ya deni itageuka kesi ya hasara uliyomsababishia. Dai salio kwa maandishi kwanza.

Mteja anataka mkataba useme "msimbo wote ni wa mteja". Nimetumia maktaba za bure za mtandaoni, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine. Nisaini?

Hapana, si kwa maneno hayo. Huwezi kuhamisha usichomiliki. Ambatisha orodha ya kila maktaba na leseni yake. Leseni ya MIT haina shida, inataka tu ilani ya hakimiliki na maandishi ya leseni yenyewe vibaki. Ya GPL isome kwa makini: mteja akisambaza programu iliyojengwa juu yake, atalazimika kuwapa msimbo wale anaowapa programu.

Tupe sentensi ya kuweka kwenye mkataba.

"Hakimiliki ya msimbo ulioandikwa kwa ajili ya kazi hii itahamia kwa mteja siku malipo ya mwisho yatakapopokelewa. Vipande ambavyo mtengenezaji alikuwa navyo kabla vinabaki vyake, na mteja anapewa leseni ya kudumu ya kuvitumia na kuvirekebisha ndani ya mfumo huu."

Sainini wote wawili. Na akaunti ya GitHub (tovuti ya kuhifadhia msimbo), ya seva na ya jina la tovuti zifunguliwe kwa barua pepe ya mteja tangu siku ya kwanza, mtengenezaji aalikwe humo.