Babu, Ndama wa Mwanangu Kauzwa

*Safu hii hujibiwa na mzee wa Kakoneni, bara ya Malindi, aliyefuga ng'ombe na kulea watoto saba katika ua mmoja.*

Babu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, upande wa Langobaya. Tuna ranchi ndogo ya ekari arubaini na mbuzi ishirini na kitu; ng'ombe tulikuwa nao tisa. Ukame ule wa kuanzia 2020 ulitukausha. Misimu mitano ya mvua ilipita patupu, tukabaki na ng'ombe wanne. Mvua za El Niño zilipofika mwisho wa 2023, mmoja akazaa ndama jike, lakini mama mtu alikuwa mifupa mitupu, matiti hayana kitu. Mwanangu wa tatu, ana miaka tisa wakati huo, akamchukua. Akamnywesha maziwa ya kuomba kwa jirani kwa chupa ya soda, akalala naye jikoni. Baba yake akasema mbele yetu sote, "Akipona, ni wako." Akapona. Tukamwita Elinino. Alipokuwa na miezi minne, ni huyo huyo mtoto aliyempapasa akakuta tezi imevimba chini ya sikio, akamwamsha baba yake usiku, daktari wa mifugo akaitwa mapema.

Januari dada yake alikuwa anaingia shule ya bweni na karo haikuwapo. Baba yao akamuuza Elinino kwa dalali, shilingi 31,000, siku ya Jumanne, mtoto yuko darasani. Kurudi, kakuta kamba. Tangu siku hiyo hasemi neno na baba yake. Akitumwa kuchunga huenda akasimama tu kama mti, na mbuzi wameshaingia shamba la watu mara mbili. Baba yake asema ni jeuri, ataka kumchapa. Nikimtetea, aniambia mtoto hana mali, na hata dini yamruhusu baba kurudi katika alichompa mwanawe. Nifanyeje?
*Mama wa Wanne, Langobaya*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo la dini, maana naona mumeo amelitia kama komeo mlangoni. Mimi si mwalimu. Nilivyosikia kwa masheikh wetu wa Kishafii, ni kweli baba anaweza kurudi katika zawadi aliyompa mwanawe. Basi na tumpe hilo. Ila nawe mwulize: siku ile ulimpa nini? Alimpa ndama anayekufa. Ndama asiyepata dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, siku ile ya kwanza ni wa kuhesabiwa pumzi. Mimi nimewazika wengi, na sikulala jikoni na hata mmoja. Alichokiuza Januari ni mtamba wa miaka miwili, anayetazamiwa kupandwa. Kutoka yule wa kwanza hadi huyu wa pili pana usiku wa kuamka, pana kwenda kwa jirani na kikombe mkononi, pana kupe waliotolewa mmoja mmoja kwa vidole. Hayo baba hakuyatoa, sasa atarudi vipi katika yasiyotoka kwake?

Na hilo la tezi nimelisoma mara mbili. Ndigana kali huletwa na kupe, na huanza hapo hapo chini ya sikio. Baadaye inakuja homa, ndama anaacha kula, kisha anahema kama aliyekimbizwa, na akifika hapo daktari huja kuchukua nauli yake tu. Kumgundua ndama tezi zikiwa ndiyo kwanza zavimba ni kazi ya jicho na mkono uliozoea. Ninao wanangu watu wazima, wana ndevu, hawawezi. Mumeo ana mfugaji wa miaka kumi na mmoja nyumbani mwake na anatafuta fimbo.

Sasa sikiliza, kwa sababu nisije nikaonekana malaika. Mimi niliuza. Sikuuza hata, nilichinja. Mwaka 1999 binti yangu wa pili alikuwa na mbuzi wake, mweupe mwenye sikio moja jeusi, nilimpa mwenyewe baada ya kuhitimu juzuu. Wakaja wageni wa kuposa dada yake, ghafla, watu sita, na zizini waliokuwa karibu ni yule na beberu. Beberu nilimwonea uchungu. Binti alirudi kutoka kisimani akakuta ngozi imeanikwa. Hakulia. Alikula wali bila mchuzi, akaosha vyombo, akalala. Nikajisemea, ah, mtoto huyu ana akili, ameelewa.

Miaka kumi na mitatu baadaye tumekaa barazani tunazungumza mahari yake mwenyewe, wazee wa upande wa pili wapo, mimi naahidi hili na lile la kumtoa nalo mwanangu. Akapenyeza kichwa dirishani akasema, "Wazee, baba akiahidi, mwandike." Watu wakacheka sana. Mimi nilicheka pia. Yeye hakucheka. Siku hizi ni muuguzi Mombasa, huniletea dawa za presha kila mwezi, hakosi, lakini hajawahi kuuliza mbuzi wangu wangapi.

Ndiyo maana nakwambia usimngoje asahau.

Kosa la mumeo si karo. Karo ililazimu, na binti kwenda shule ni haki yake. Ningekuwa mimi, huenda ningeuza huyo huyo Elinino, kwa kuwa mtamba hupata bei na ng'ombe wa maziwa ukimuuza umejiuzia kikombe cha watoto wote. Kosa ni Jumanne. Angengoja Jumamosi, akamwita mtoto zizini, akamwambia: dada yako ameitwa shule, zinatakiwa hizi, ninazo hizi, zilizopungua ni hizi, na mwenye kitu hapa ni wewe. Mtoto wa miaka kumi na mmoja angelia, na angekubali. Wengi hukubali. Tena angekwenda mwenyewe na kamba mkononi hadi kwenye lori, akamwambia dalali jinsi anavyopenda kukunwa. Kilichomkata huyu ni kuibiwa mchana na mtu anayemwita baba.

Basi mumeo ndiye wa kusema, si wewe. Ukimbembeleza wewe, mtoto atajua mna pande mbili na atakaa katikati. Mpe mumeo ukurasa huu akiwa ameshiba. Aende zizini na mwanawe jioni, wakati wa kufunga ndama, maana wanaume wa bara yetu hatuwezi kusema maneno mazito tukiwa tumetazamana; mikono iwe na kazi. Achukue risiti ya shule. Aseme: "Nilimuuza ndama wako bila kukuuliza. Fedha ziko hapa. Nakudai radhi, nawe wanidai mtamba." Asiongeze "lakini". Hiyo "lakini" huwa ndiyo inayorudisha mlango.

Deni lilipwe kwa ng'ombe. Nakuomba sana, baiskeli wala simu isinunuliwe. Mtoto alifuga kiumbe, ukimpa chuma atajua umempa cha kumnyamazisha. Mama yake Elinino bado yupo? Ndama jike wake anayefuata awe wa mtoto, na tangazo hilo litolewe mbele ya ndugu zake wote kama lile la kwanza lilivyotolewa. Kisha aandikwe. Mnalo daftari la chanjo na josho? Ukurasa wa nyuma, jina la mtoto, tarehe, rangi ya ndama, saini ya baba. Akivishwa hereni ya namba sikioni, mtoto aichague namba. Mumeo ataona ni mchezo. Mimi nimeeleza hapo juu nani aliniambia niandikwe.

Dada yake naye aambiwe anasomeshwa na nini. Asilaumiwe, aambiwe tu. Siku ya kufunga shule akirudi amletee mdogo wake chochote, hata kalamu.

Na hao mbuzi walioingia shamba la jirani, hasara yake ailipe baba. Mtoto amegoma. Mwajiri akigomewa halipishi wafanyakazi.

Babu, shikamoo. Nimeolewa kutoka Shela, mjini Malindi, nikaja kuishi kwa wakwe, ng'ombe kila upande. Mama mkwe humpa mwanangu wa miaka miwili maziwa yakiwa bado na joto la titi. Asema kuchemsha ni kuyaua, na wanawe wote wamekulia hivyo. Nikikataa naonekana mtu wa mjini mwenye maringo.
*Mkaza Mwana*

Marahaba. Hapa umesema kweli wewe, na mkweo amesema mila. Maziwa mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya homa ile inayofanya ng'ombe kutupa mimba, nayo ikimwingia mtu humpa homa za kuja na kwenda na maumivu ya viungo hata miezi. Kifua kikuu nacho hupita njia hiyo. Ng'ombe anaweza kuwa nacho huku manyoya yang'ara. Kugandisha mtindi hakutoshi, kwa hiyo asikwambie kwamba akiyaweka kibuyuni yamepona.

Ila usiende na maneno haya yangu mkononi kama hati ya mahakama. Kilichomwuma mama mkwe ni kunyang'anywa kazi ya kumlisha mjukuu. Basi sufuria iwe yake. Mwambie, "Mama, mtoto hanywi yangu, anataka uliyoyachemsha wewe." Yachemke mpaka yapande, ayaache kidogo motoni akiyakoroga, yapoe, na akitaka mtindi atie kianzio baada ya hapo, ndani ya kibuyu chake kilichofukizwa. Ladha ya moshi itabaki ile ile. Nimeoa mara moja na nimekaa na mama mkwe miaka kumi na tisa, naijua hii njia.

Kwa Babu. Kijana wangu ana miaka minane, hodari. Naweza kumwachia mbuzi peke yake mpaka Sabaki kunywesha?
*Baba Mtu, Magarini*

Mtoni, hapana. Sabaki ina mamba na viboko, na mamba hamwulizi mtu hodari ni nani. Wakati wa mvua maji hushuka kutoka bara huku kwetu jua linawaka, unashtukia yamekufika kiunoni. Mbuzi karibu na nyumba, anaonekana, anaitwa akaitika: sawa, na siku za shule ni baada ya shule. Maji utawanywesha wewe, au chimba silanga, bwawa la kukinga maji ya mvua, uache kutafuta mtoto wa kulaumu.

Na wewe Mama wa Wanne: huyo ndama ajaye akiwa dume, niandikie tena.