Jibu: Kutembelea karakana za wasanii na soko la vitu vya kale na mama wa kiti cha magurudumu

Pole na hongera ya kuhamia mji mpya, ndugu. Umeuliza utampelekaje mama kuona sanaa na soko la vitu vya zamani bila kukwama mlangoni.

Piga simu kwanza, na usiulize "panafikika?" maana kila mtu hujibu ndiyo. Uliza: kuna vidato vingapi, mlango una upana gani, choo kiko ghorofa ya ngapi? Kipimo kinachotumika sana cha mteremko wa kupitishia kiti ni 1 kwa 12 (kimo kimoja kwa urefu kumi na mbili), yaani kidato cha sentimita 15 kinadai ubao wa karibu mita 1.8. Mimi niliwahi kuahidiwa "njia ya kiti", nikakuta kipande cha mbao kilichosimama kama ngazi. Tukarudi.

Majumba mengi ya sanaa huwa na siku za kuingia bure, ila siku hizo hufurika. Afadhali karakana za wasanii zinapofungua milango kwa wageni: mama atazungumza na mchongaji mwenyewe.

Sokoni nendeni mapema, njia zikiwa bado wazi. Fanicha ya mbao igeuze. Ukiona vitundu vyenye unga mpya wa mbao, huenda wadudu bado wamo. Sahani kuukuu zenye rangi iliyochubuka zisitumike kwa chakula, huenda zina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu. Redio au taa ya zamani usiichomeke umeme kabla fundi hajaikagua.

Mama akianza kuumwa mgongo au kupata vidonda vya kukaa, muoneni daktari kabla ya mizunguko mingine.