Fremu ya kadibodi ya kupangia picha kwa kamera ya inchi 4 kwa 5

Ndugu, umeuliza kama fremu ya kujikatia mwenyewe inaweza kukuonyesha kwa uhakika kitakachoingia kwenye filamu ya inchi 4 kwa 5, au ni lazima ununue kitazamio cha dukani. Kwa uzoefu wangu kadibodi inatosha kabisa, mradi ukubwa wa tundu na umbali wake kutoka jichoni viwe sahihi.

Tundu lisiwe inchi 4 kwa 5 kamili, kwa sababu kasha linaloshikilia filamu hufunika kingo zake, na sehemu inayopata mwanga hubaki takriban milimita 95 kwa 120. Pima filamu yako iliyokwisha kusafishwa, kisha uhamishie vipimo hivyo kwenye kadibodi nyeusi isiyong'aa. Mimi hutumia wembe mpya na rula ya chuma, nikipitisha wembe taratibu mara kadhaa bila kukandamiza, maana ukingo ukibaki na nyuzinyuzi jicho hugandia hapo na kuyaacha mandhari.

Ama umbali, huo unategemea lenzi. Tundu lenye ukubwa wa picha, likiwekwa mbele ya jicho kwa umbali ulio sawa na urefu wa fokasi (ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi), huonyesha eneo lilelile linaloonwa na lenzi: sentimita 15 kwa lenzi ya milimita 150, sentimita 21 kwa ile ya 210, na 30 kwa ile ya 300. Funga kwenye fremu uzi usiovutika, upige fundo kwa kila lenzi, na upime baada ya fundo kukazwa kwa kuwa fundo hula uzi. Shika fundo kwenye mfupa wa shavu, kaza uzi, fumba jicho la pili. Kwa lenzi ya milimita 90 kingo zitaonekana zina ukungu, lakini bado utajua nini kimo na nini hakimo.

Faida ninayoithamini zaidi huonekana kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, ambako nyumba ni ndefu na nafasi ya kurudi nyuma haipo. Usiinamishe fremu kufuata paa. Iache wima, jicho likae palepale, uipandishe tu bila kuisogeza mbele wala nyuma. Ukiipandisha sentimita 2 ndipo juu ya nyumba pakaingia, basi lenzi nayo itahitaji kupandishwa sentimita 2 kwenye kamera, bila kuinamisha kamera yenyewe, na hapo utajua mapema kama lenzi yako inamudu. Ukiridhika, leta tripodi ili lenzi ikae pale jicho lilipokuwa.

Kwa vitu vya karibu sana, kama njumu moja ya shaba kwenye mlango wa nakshi, fundo la kawaida halifai. Fuata urefu ambao mvukuto wa kamera, yaani ile sehemu ya kukunjana kati ya lenzi na filamu, utavutwa: kupiga kitu kwa ukubwa wake halisi kwa lenzi ya milimita 150, fremu hukaa sentimita 30 kutoka jichoni.