Nani Aliyewakataza? Jibu kwa Msomaji wa Kibokoni

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Mombasa, na kazi yangu kubwa huwa usiku wa kupamba, pale bibi harusi anapoketishwa jukwaani atazamwe na kina mama. Majuzi nilitazama filamu ya Kifaransa, Portrait of a Lady on Fire, inayomhusu mchoraji wa kike anayepelekwa kisiwani kumchora mwari, hatimaye wawili hao wakapendana. Picha ya kwanza niliiona nzuri. Mbona mwari aliikataa, na mchoraji akaufuta uso? Tena wanasema ni mapenzi yaliyokatazwa, lakini nilingoja hadi mwisho mtu awafumanie au awakemee, asitokee. Ni nani aliyewakataza? Na muziki je, mbona hakuna? — Msomaji, Kibokoni

JIBU: Aleikum salaam, dada yetu. Nitaanza na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo linalofungua mengine. Kinachowakataza ni ile picha yenyewe. Filamu hii ya Céline Sciamma, iliyopata tuzo ya mswada bora katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 2019, inasimulia mambo ya mwaka 1770 huko Bretagne, Ufaransa. Mwari, Héloïse, ametolewa katika nyumba ya watawa ili achukue nafasi ya dada yake, aliyekufa kwa kuanguka kutoka kwenye jabali, na aolewe na bwana wa Milano ambaye hajapata kumwona. Bwana huyo anangoja picha, nayo ikimridhisha ndoa itafungwa. Kwa hiyo kila rangi ambayo Marianne, yule mchoraji, anaipaka inaisogeza karibu siku ya kutengana kwao. Hata kwetu, posa ya kutoka ng'ambo aghalabu hutanguliwa na picha ya binti, hivyo jambo hili hutaliona geni.

Yuko pia mama yake Héloïse, ambaye anasimulia kwamba siku alipoingia katika nyumba ile akiwa bibi harusi, aliikuta picha yake imekwisha kutangulia, imetundikwa ukutani ikimngoja. Anayasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, na kwa maoni yangu hakuna maneno mazito kuliko hayo katika filamu nzima. Sisi tumezoea katazo lenye kelele: filamu ya Kenya ya Rafiki, ya Wanuri Kahiu, inayowahusu wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku mwaka 2018, kisha Mahakama Kuu ikairuhusu ionyeshwe kwa siku 7 tu, na kila mtu alijua ni nani anayekataza na ni nani anayekatazwa. Katika nyumba ile ya Bretagne hakuna anayepaza sauti, kwa sababu mambo yalikwisha kupangwa kabla wawili hao hawajakutana.

Sasa tuje kwenye picha ya kwanza. Wewe ni fundi wa kazi hii, na bila shaka unaifahamu picha ambayo mwanga ni sawa, pozi ni sawa, maremba hayana kasoro, lakini anayeonekana ni bibi harusi yeyote yule. Marianne aliichora ile kwa wizi, akijifanya mwandani wa matembezi, akimtazama Héloïse kwa jicho la pembeni na kwenda kuyachora usiku aliyoyakumbuka. Alipoulizwa, alijitetea kwa kanuni za uchoraji. Héloïse hakulalamikia kutofanana kwake na picha. Alichouliza ni kama kweli mwenzake anamwona hivyo, na swali hilo ndilo lililomfanya Marianne auvuruge uso kwa kitambaa. Baadaye, Héloïse alipokubali kuketi, Marianne alimtajia tabia zake alizozigundua, ya kwamba akiona haya huuma midomo na akiudhika hapepesi macho. Hapo Héloïse akamwita asimame ubavuni pake, akamwonyesha kwamba hata aliyeketi anatazama, kisha akamtajia na yeye za kwake: akikosa la kusema hujigusa kipaji cha uso, akifadhaika hupumua kwa mdomo. Picha ya pili ilizaliwa hapo, na ndiyo maana inakubaliwa na wote wawili, ingawa ndiyo itakayowatenganisha.

Si jambo dogo pia kwamba anayechora ni mwanamke. Mwaka huohuo wa 1770, Chuo cha Kifalme cha Uchoraji jijini Paris kiliamua kwamba wanachama wanawake wasizidi 4, na wanawake hawakuruhusiwa kujifunza kuchora miili ya wanaume wasiovaa nguo. Ndiyo sababu baadaye Marianne anaonyesha mchoro wake hadharani kwa jina la baba yake.

Kuhusu muziki, wewe unayefanya kazi katikati ya taarabu na vigelegele ni haki yako kuukosa. Sciamma amewanyima watazamaji muziki kama walivyonyimwa wahusika. Mkaa unasikika ukikwaruza turubai, kuni zinalia motoni, na wimbo wa kina mama penye moto mkubwa usiku unashtua kwa kuwa masikio yamekaa na njaa. Héloïse, kule utawani, alisikia kinanda cha kanisa tu, na hakuwahi kusikia okestra, yaani kundi kubwa la wapiga ala. Marianne anampigia kipande cha Vivaldi, mtunzi wa muziki wa Italia, kwa kubabaisha, huku akijaribu kumweleza kwa maneno yale ambayo vidole vimeyasahau. Mwishoni Héloïse anaketi ukumbini na kukisikia kikipigwa chote, akilia na kucheka, na kama muziki ungekuwa umemwagwa tangu mwanzo, tusingejua kwa nini.